Kazi ninayoisomea haimo kwenye ikama yenu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utumishi wa Umma,
Na kwa Tume ya Utumishi wa Elimu, Kampala.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kasese.

Mwaka juzi niliingia ofisi moja ya wilaya na fomu ya kuomba likizo ya masomo. Nilikuwa nimeijaza nyumbani usiku, kwa wino mweusi na mwandiko wangu wa ubaoni, na kila mstari ulikuwa na jibu lake. Penye mstari wa cheo atakachorudia mtumishi baada ya masomo, niliandika: mwanasaikolojia wa shule. Karani, mzee mmoja ambaye miwani yake imeshikiliwa na uzi upande wa kushoto, aliisoma taratibu. Akavuta jalada kubwa la ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zinazotambuliwa na serikali, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akageuza ukurasa, akapitisha tena.

“Madamu,” akaniambia, kwa upole kabisa, “hii kazi haipo.”

Nikamjibu kwamba hicho ndicho kinachonipeleka kuisomea. Akacheka, nami nikacheka. Fomu haikupita.

Simlaumu mzee yule. Alifanya kazi yake sawasawa: kisichokuwa kwenye jalada hakina mshahara, na kisichokuwa na mshahara hakiombewi likizo. Jalada lile halikuandikwa Kasese. Liliandikwa kwenu, na ndiyo maana barua hii inakuja kwenu.

Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, kwa hiyo naamini kuna mtu ofisini mwenu anayeweza kuisoma bila mkalimani. Tena ndiyo lugha yangu. Mimi ni mtoto wa askari polisi, nimekulia kwenye kota za polisi, na kule mama wa Kiacholi hugombana na mama wa Kiteso kwa Kiswahili na hupatana kwa Kiswahili. Baba alipostaafu alitua Kasese, mji ambao mgodi wa shaba wa Kilembe uliujaza watu wa kila kabila. Sokoni hapa utauziwa nyanya kwa Lhukonzo au kwa Kiswahili, upendavyo.

Kwa vile likizo haikupatikana, nasoma bila likizo. Ijumaa nikishafunga daftari la mahudhurio, napanda basi la Kampala. Jumapili usiku narudi, Jumatatu asubuhi niko mbele ya watoto 94 wa P5, darasa la tano la msingi, na macho mekundu. Walimu wenzangu wamenibandika jina: Madamu Butabika. Kwao, mtu akitaja saikolojia, wanaona geti la hospitali ya wagonjwa wa akili. Nimeshawaeleza mara nyingi kwamba sisomei udaktari wa vichaa, na kila nikieleza wanaitika “ndiyo, Madamu Butabika.” Basi, nimelizoea.

Lakini ninyi inafaa niwaeleze, maana nina wasiwasi kwamba hata huko juu baadhi yenu mnafikiri kama wenzangu wa chumba cha walimu.

Shuleni kwetu kuna kijana wa P4. Ameirudia P4 mara mbili. Ukimtuma alete chaki na dasta, analeta chaki. Ukimwambia afungue ukurasa wa 30 afanye namba ya nne, anafungua ukurasa wa 30 kisha anakuangalia. Si mkorofi. Amechapwa kwa uvivu, amechapwa kwa kiburi, na mwaka mmoja alichapwa kwa “kujifanya hasikii.” Nilipoanza masomo haya nilimwita mama yake, anauza mihogo ya kukaanga karibu na stendi. Nikamuuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza: huyu mtoto aliumwa nini alipokuwa mdogo? Akanyamaza kidogo, akasema: “Alipata degedege akiwa na miaka minne. Malaria ilipanda kichwani. Siku mbili hakunijua. Alipoamka nikamshukuru Mungu, lakini Madamu, tangu siku ile si yule yule.”

Mama yule hajasoma jarida lolote la tiba, ila alichokiona nyumbani kwake kimepimwa na watafiti. Utafiti wa watoto waliotibiwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba miaka miwili baada ya malaria ya kichwani takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa amebaki na upungufu katika uwezo wa kufikiri, kukumbuka au kutulia kwenye jambo. Sasa hesabuni wenyewe, katika nchi yenye malaria kama yetu, ni watoto wangapi wamekaa kwenye madawati wakiitwa wajinga kwa ugonjwa waliopona. Hospitali iliwaruhusu kwenda nyumbani, shule ikawapokea, na katikati hapakuwa na mtu wa kuwaambia walimu: huyu mpe agizo moja kwa wakati, mkalishe mbele, mwandikie, usimtangazie tu.

Huyo wa katikati ndiye ninayesomea kuwa. Humtazama mtoto akiwa darasani na akiwa uwanjani, huzungumza na mzazi, hupima macho, masikio, kumbukumbu, usomaji na hesabu, kisha huandika ripoti ambayo mwalimu wa kawaida anaweza kuitumia kesho yake asubuhi. Pale panapohitajika daktari, humpeleka kwa daktari. Kwa mtoto mwenye hofu au msiba, hukaa naye. Sehemu kubwa ya kazi, niwaambie ukweli, ni kuwatuliza watu wazima.

Kazi hii ilianza na mtoto asiyejua kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Machi 1896, mjini Philadelphia, mwalimu mmoja aliyeitwa Margaret Maguire alimpeleka mvulana wa miaka 14 kwa Lightner Witmer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kijana alikuwa na akili, lakini tahajia ilimshinda kabisa. Witmer alipomchunguza akagundua kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa macho. Wakamtafutia miwani, wakaanza kumfundisha upya. Miaka 19 ilipita kabla cheo chenyewe hakijapatikana: mwaka 1915 jimbo la Connecticut lilimwajiri Arnold Gesell, naye ndiye huhesabiwa kuwa wa kwanza kuitwa mwanasaikolojia wa shule. London walikuwa wamemwajiri Cyril Burt mwaka 1913 kwa kazi ya aina hiyo hiyo.

Nawatajia miaka hiyo kwa sababu ya yule karani. Hata kwa wenzetu kazi ilitangulia, jina likafuata. Kilichokuwepo siku zote ni mtoto na mwalimu aliyechoka kumchapa.

Macho, kwa njia, ndiyo jambo rahisi kuliko yote, na linanikera kuliko yote. Chati ya herufi, ukuta, hatua za kupima mita sita na dakika tatu kwa kila mtoto. Nilipoibandika ile chati nyuma ya darasa langu, msichana niliyekuwa nikimwona mzito alisoma mistari miwili tu ya juu akaishia hapo. Alikuwa anakaa dawati la mwisho kwa sababu ni mrefu. Muhula mzima nilikuwa nikimwandikia “ongeza bidii.” Nimeifuta ile ripoti kichwani mwangu mara nyingi, haifutiki.

Kuna la lugha pia. Mpaka wa Mpondwe uko karibu nasi, na watoto kutoka Kongo huja na familia zao kila mapigano yanapochacha ng'ambo. Tulimpokea binti wa miaka 13, akapewa mtihani wa kumpangia darasa, kwa Kiingereza. Akaandika jina lake na mstari mmoja wa Kifaransa. Akapelekwa P3, akae na watoto wa miaka minane. Wiki ya pili nilimwita mapumzikoni nikamuuliza kwa Kiswahili kwao alifika wapi. Akasema alikuwa darasa la sita, Beni. Nikamchorea sehemu kwenye vumbi, robo tatu jumlisha theluthi mbili, akaijibu huku akitafuna muwa. Tulikuwa tumepima Kiingereza chake tukadhani tumepima akili yake.

Na hapa sisi wanafunzi wa fani hii tunabeba aibu yetu wenyewe. Vipimo tunavyofundishwa kuvitumia vimetengenezwa ng'ambo, alama zake zikalinganishwa na watoto wa ng'ambo, na picha zake zina vitu ambavyo mtoto wa Bwera hajawahi kuviona. Watafiti hapa Uganda wameshavitumia kadhaa na kuvirekebisha kwa ajili ya tafiti zao, na wamefanya kazi nzuri. Lakini tafiti zikiisha, vifaa hubaki kwenye makabati ya miradi. Mimi wa Kasese siwezi kumpima mtoto kwa Lhukonzo au kwa Kiswahili nikawa na jedwali la kulinganisha nalo. Natumia busara. Busara ni nzuri, ila ikikosea haina mahali pa kusahihishwa.

Mnaweza kuniambia kwamba shule zina walimu walezi, mmoja wa wasichana na mmoja wa wavulana, na kwamba Wizara ina idara yake ya ushauri na uelekezaji. Ni kweli. Mwalimu mlezi wa wasichana wa shule yetu ni mwanamke mwenye moyo wa dhahabu, ana vipindi kama mimi, ndiye mtunza pedi, ndiye mtunza funguo ya stoo ya posho na maharage, na mafunzo yake ya ulezi yalikuwa semina ya siku tatu. Shule zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa, ndiye aliyekaa chini ya mwembe na wasichana waliorudi na watoto mgongoni. Hakuna aliyemuuliza yeye amelala vipi.

Tena kuna la mvua. Wanaokaa Kampala huenda hamjui kwamba mto Nyamwamba ulivunja kingo mwaka 2013, ukavunja tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na hata hospitali ya Kilembe. Mpaka leo mawingu yakikusanyika juu ya Rwenzori, darasani kwangu kalamu zinasimama. Kuna mtoto hutoka mbio bila ruhusa anakwenda kumtafuta mdogo wake wa P1, kisha anasimama naye mlangoni, amemshika mkono, mpaka mvua ipite. Mwalimu mmoja alitaka kumwadhibu kwa utoro. Nikamwomba asubiri, tukakubaliana na mtoto hivi: mvua ikianza, yeye ana ruhusa ya kwenda kumchungulia mdogo wake mara moja dirishani, kisha arudi. Sasa anakwenda na kurudi. Wakati mwingine haendi kabisa. Hakikuhitajika kipimo cha dola, alihitajika mtu mwenye muda wa kuuliza na anayejua la kuuliza. Na sijataja usiku wa Juni 2023 kule Mpondwe, waasi walipoivamia shule na kuwaua wanafunzi. Mnaujua kuliko mimi, na watoto wa shule za jirani wanaujua kuliko ninyi.

Adhabu ya viboko shuleni ilikatazwa na sheria, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Nayaunga mkono. Lakini mlipochukua fimbo mkononi mwa mwalimu mwenye watoto 94, mlimwacha mkono mtupu, ndiyo maana fimbo imerudi kwa mlango wa nyuma. Mwalimu akiwa na mtu wa kumpigia simu, aseme “njoo unitazamie huyu mtoto,” fimbo itakosa kazi mapema zaidi kuliko kwa waraka mwingine.

Sasa nije kwenye ninachokiomba, na nitajaribu kuomba kitu kinachowezekana.

Siombi mwanasaikolojia kwa kila shule. Chama cha wanasaikolojia wa shule cha Marekani kinapendekeza mtu mmoja kwa wanafunzi 500, na hata wao hawajaufikia uwiano huo. Kwetu hiyo ni ndoto ya mchana. Naomba mmoja kwa kila wilaya. Mmoja, mwenye cheo, ngazi ya mshahara na meza katika ofisi ya elimu ya wilaya, kama alivyo mkaguzi wa shule. Awe na ratiba ya kuzunguka shuleni, na walimu walezi wawe macho yake.

Na hili si jambo geni kwenu. Miaka ya 1990, kwa msaada wa Denmark, wilaya zetu zilikuwa na vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, mpango uliojulikana kwa herufi zake, EARS, ukishirikiana na taasisi ya elimu maalumu ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na nyingine kuunda Chuo Kikuu cha Kyambogo. Walimu waliotutangulia wanavikumbuka: mzazi alijua kuna chumba mjini anakoweza kumpeleka mtoto asiyesikia au asiyesema. Msaada ulipokwisha, vingi vilififia. Kuna mahali chumba kiligeuka stoo ya vitabu. Mimi nasema chumba kile kifunguliwe, vitabu vihamishwe, na safari hii mshahara wa anayekaa ndani utoke Kampala, kwenye bajeti yetu, usitoke Copenhagen.

Watu mnao. Makerere, chuo cha umma, inafundisha shahada ya uzamili ya saikolojia ya elimu. Serikali kwa mkono wa kulia inafundisha wataalamu, na kwa mkono wa kushoto inawaambia hawapo. Wanaomaliza huenda wapi? Wenzangu wa darasa wanazungumza wazi: mashirika ya wakimbizi, shule za kimataifa za Kampala zenye ada ya dola, au kurudi darasani kama zamani, na cheti ukutani. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nina ada ya mwaka wa pili ninayoilipa kwa mkopo wa chama cha walimu, na mkopo hauulizi kama kazi imo kwenye ikama.

Cheo kikishakuwepo, mengine yatajipanga. Likizo ya masomo itakuwa na mstari wa kujaza. Mafunzo kwa vitendo yatakuwa na mahali: Marekani hutakiwa saa 1,200 za mazoezi, angalau 600 kati yake shuleni, chini ya mtu aliyebobea. Mimi saa zangu nazifanya ninapozipata, na anayenisimamia yuko mbali kilomita mamia, tunazungumza kwa simu bando likiwepo. Vituo vya wilaya vikiwa hai, wanafunzi wangepelekwa huko, wakapata saa zao, na wilaya ikapata mikono. Na mkikubali kutenga fedha kidogo kila mwaka, hao hao wanafunzi, kila mmoja katika lugha ya anakotoka, wangekusanya alama za watoto wa kawaida mpaka tukawa na majedwali yetu. Tasnifu zetu zinaandikwa kila mwaka hata hivyo. Afadhali ziwe matofali ya nyumba moja.

Jambo moja nawasihi msilifanye: msiunde cheo kisha mkakijaza kwa kumbadilishia jina mtu aliyekuwepo. Tumeshaona hayo. Mwalimu anaamka Jumatatu ameitwa mshauri, Jumanne bado ana vipindi vyote. Pia msikiweke kwenye hospitali. Mzazi wa hapa hatampeleka mtoto hospitalini kwa sababu anashindwa kusoma. Atampeleka kanisani, au kwa mganga, au atamtoa shule akauze mihogo. Shuleni atakuja, kwa kuwa ameshazoea kuitwa.

Yule kijana wa P4 bado yupo. Mwalimu wake sasa anampa agizo moja, anangoja, anampa la pili. Muhula uliopita alimaliza zoezi zima la kuzidisha, alichelewa nusu saa, lakini alimaliza. Mama yake aliniletea mihogo kwenye gazeti, ya moto, akaniuliza: “Ukimaliza kusoma, Madamu, utabaki naye?” Nikamwambia nitabaki. Sikumwambia nitabaki kama nani.

Mwezi uliopita nilipeleka takwimu za mahudhurio kwenye ile ofisi. Mzee wa miwani ya uzi alivuta droo akanionyesha fomu yangu. Hakuitupa. Pembeni, karibu na mstari wa cheo, ameandika kwa penseli: isubiri.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa P5, mwanafunzi wa uzamili mwaka wa pili,
Kasese